Mrejesho: Kamera ya gari ndiyo iliyokuwa ikiivuruga GPS

Niliuliza awali kwa nini kipokezi changu cha GPS kilipoteza setilaiti kila nilipowasha gari, ilhali nje ya gari kilifanya kazi vizuri. Nawashukuru sana walionisihi nichomoe vifaa kimoja kimoja kabla ya kununua kipokezi kingine.

Chanzo ni kamera ya kurekodia safari, niliyoibandika kwenye kioo cha mbele, takribani shibiri moja kutoka kwenye antena. Nilipoikatia umeme, setilaiti zilizoshikwa ziliongezeka kutoka 4 hadi 11; nilipoirudishia, zikapungua tena, na nilirudia jaribio hilo mara tatu ili nisikisingizie kifaa kisicho na kosa.

Sasa naelewa kwamba mawimbi ya GPS ya masafa ya megahezi 1,575.42 husafiri zaidi ya kilomita 20,000 na kufika ardhini yakiwa dhaifu kuliko hata kelele ya umeme ya kipokezi chenyewe, hivyo saketi za kidijitali na za kubadili volteji zilizo karibu zinaweza kuyafunika ingawa hazikuundwa kurusha mawimbi yoyote. Hilo lilinishangaza, kwani nilidhani ni redio pekee zinazoweza kuingiliana.

Kipete cha feraiti (pete ya kupunguza kelele za umeme zinazopita kwenye waya) nilichokiweka kwenye waya wa kamera kilisaidia kidogo tu. Kilichotatua tatizo ni umbali: nimehamishia antena juu ya paa, na kwa wiki mbili sasa kipokezi hakijapoteza mahali hata mara moja, kamera ikiwa inarekodi.