Kupandikiza nywele nikiwa na miaka 26: nifanye sasa au nisubiri?

Kofia_Daima

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, na utani uwe wa kiasi maana hili jambo linaninyima usingizi.

Nywele zilianza kurudi nyuma pembeni mwa paji nikiwa na miaka 21, nikamsingizia kinyozi kwamba anapandisha mno mashine. Mwaka jana mdogo wangu akanipiga picha kwa nyuma nimeinama nafunga kamba za viatu. Utosi unang'aa! Tangu siku hiyo kofia haitoki kichwani, hata ndani ya nyumba. Mzee ana kipara, na wajomba wote wawili pia.

Nimedunduliza pesa ya upasuaji. Kliniki moja inasema itaweka vipandikizi 4,000 kwa siku moja, mstari wa mbele ushuke uwe kama wa miaka 16, na nikilipa wiki hii napunguziwa. Kichwa hawajakiona, wameona picha mbili tu. Nikubali? Na inauma?

Nyoya_Moja

Kaka, mimi nilifanya nikiwa na 35, huu mwaka wa tatu. Kinachouma ni sindano za ganzi, hasa za paji la uso. Machozi yanatoka yenyewe. Baada ya hapo unalala kifudifudi wanakutoboa kisogo, kinyweleo kimoja kimoja, halafu unageuzwa kupandwa. Mimi ilikula siku nzima. Usiku za mwanzo unalala umeegemea mito, na kuwasha kunawasha lakini hukuni.

Jambo ambalo hawakunieleza vizuri: wiki ya tatu zile nywele mpya zikaanza kupukutika. Naoga, naziona zinaelea kwenye maji miguuni. Nilijua nimeibiwa. Kumbe ni kawaida, mzizi unabaki ndani. Zilichomoza tena mwezi wa nne, na sura kamili niliiona baada ya mwaka.

Kichwa_Laini

Nyoa zote mkuu, yaishe.

Kofia_Daima

Nilijaribu. Kichwa changu kina kona.

Mhudumu_Ngozi

Nafanya kazi na madaktari wa ngozi, naomba niseme kidogo. Upasuaji huu hauongezi hata unywele mmoja, unahamisha tu. Nywele za kisogoni kwa kawaida haziathiriki na DHT, ile homoni inayoleta kipara, kama za utosini, na ukizihamisha zinaenda na tabia yake ileile. Norman Orentreich wa Marekani aliliandika hilo mwaka 1959, na kazi yote hii imesimama hapo. Ila zile ambazo hazikupandwa zinaendelea kuanguka. Sasa piga picha akilini, una miaka 40: mstari wa kijana wa miaka 16 mbele, nyuma yake uwanja mtupu. Utataka kuziba, na kisogo kimeshavunwa. Kinyweleo kikishatolewa pale, hakioti kingine. Hao wanaotaka 4,000 kwa mkupuo wanakula akiba ambayo utaihitaji mbele ya safari.

Kwa umri wako daktari mwangalifu ataanza na dawa ili kuzuia mwendo. Minoksidili (ilianza kama dawa ya presha) inahitaji miezi kadhaa, mwanzoni inaweza hata kuzidisha kupukutika, na ukiiacha faida inapotea. Finasteridi inapunguza DHT. Baadhi ya wanaume hupungukiwa na hamu ya tendo, kwa hiyo usiinunue kimyakimya, ongea na daktari. Na mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

Nywele zako ni za kipilipili? Mzizi wake umejikunja chini ya ngozi, asiyezizoea anaukata akichimba. Na kama kidonda chako hupona kwa kovu lililovimba, sema mapema.

Mama_Mabutu

Naongezea upande wetu wanawake. Zangu zilikatika pembeni kwa kusuka kwa kubana miaka mingi, nami nikakimbilia kutaka kupandikiza. Daktari akakata kwanza kipande kidogo cha ngozi kwenda kupima. Kumbe kulikuwa na ugonjwa unaoacha makovu na bado uko moto. Alinieleza kwamba ukipanda juu ya ngozi hiyo, vilivyopandwa vinakufa pia. Wewe nani amekupima, mdogo wangu?

Kofia_Daima

Hakuna, dada. Nilijipima mwenyewe kwenye kioo.

Nimewaandikia kliniki maswali mawili: nani anatoboa, daktari au wasaidizi, na nikiendelea kupoteza nywele baadaye inakuwaje. Wamejibu sasa hivi: "Ofa inaisha Ijumaa."

Nimeshachukua miadi kwa daktari wa ngozi, Jumanne.

Nyoya_Moja

Safi. Beba na picha za mzee na wajomba wakiwa na umri wako, zinasaidia. Kofia iache nyumbani.