Degedege la homa na mtoto anayeduwaa ghafla, ni kitu kimoja?

Mama Ujiji
Wadau habarini, naombeni msaada nimechanganyikiwa. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka miwili na nusu alipandwa na homa usiku mara akakakamaa, macho juu, mikono na miguu inarukaruka, povu mdomoni, mi nikapiga kelele majirani wakajaa. Mama mkwe akasema hilo ni degedege, akichomwa sindano anakufa, atafutwe mzee amfukize kwanza, jirani naye anamchokoa mdomo na kijiko. Baba yake akakataa akaita bodaboda, kupimwa ni malaria, akachomwa sindano na sasa hivi anacheza. Ila kilichonileta hapa ni dada yake wa miaka 7. Huyu hana homa wala nini, anaduwaa tu, yani anakula ugali na mgebuka ghafla tonge linabaki mkononi, macho yameganda, ukimwita haitiki, sekunde kama kumi hivi afu anaendelea kama hakuna kitu. Shuleni kashachapwa mara mbili eti hasikilizi. Ni degedege hilohilo?

Nesi wa Tabora
Pole sana mdogo wangu, na baba watoto mshukuru sana. Hilo la sindano nimelisikia miaka yote kazini, mtoto anafukizwa usiku kucha, analetwa asubuhi malaria imeshapanda kichwani, akifariki wanasema sindano imemuua wakati kilichomuua ni kuchelewa. Degedege la homa linawapata wa miezi 6 mpaka miaka 5, mara nyingi halifiki dakika 5 na wengi wakikua linaisha lenyewe. Ila huku kwetu usikae nyumbani ukasema litapita, inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, kituoni ndo watajua. Likianza mlaze ubavu, legeza nguo, angalia saa, mdomoni usitie KITU, si kijiko si maji si dawa. Likizidi dakika 5 au likirudi kabla hajazinduka ni mbio hospitali.

Huyo dada mtu ni jambo lingine, hiyo naona inafanana na kifafa cha kuduwaa. Kifafa si lazima mtu aanguke. Mrekodi na simu umpelekee daktari, video inamsaidia sana kuliko maelezo.

Mwl Kasulu
Mimi ni mwalimu na hii imeniuma, nilikuwa na mtoto hivihivi darasa la pili, unamsomea imla katikati ya sentensi anaruka maneno mawili matatu, nikamwadhibu nikidhani uzembe. Baadae akagundulika ana kifafa, kaanza dawa mwandiko ukanyooka ndani ya muhula. Dada nenda kaongee na huyo mwalimu, asichape. Na wakati mnasubiri daktari asikae karibu na mafiga, wala asiende ziwani peke yake.

Baba Urambo
Mdogo wangu ana kifafa cha kuanguka anatumia kabamazepini, zimebaki kidogo, Mama Ujiji anaweza kumjaribishia binti yake?

Nesi wa Tabora
Hapana kaka, tena hapana kabisa! Hiyo dawa inaweza kuzidisha kifafa cha kuduwaa, kila aina ina dawa yake. Na mdogo wako dawa zisibaki, azinywe kila siku hata akijiona mzima, akikatisha ghafla kinarudi kwa nguvu.

Mama Ujiji
Asanteni sana jamani. Nimerekodi, jana peke yake nimehesabu mara tisa na hapo alikuwa shule nusu siku. Mwalimu wake nimemwonyesha video akanyamaza muda mrefu, afu akasema atamhamishia dawati la mbele. Jumatatu tunaenda hospitali ya Maweni, mama mkwe kasema anakuja na yeye, anataka kumsikia daktari kwa masikio yake.