Koala na mdudu gamba: nianzie wapi kuwalinganisha?

Mwalimu_Shela: Salaam. Naandaa somo la kulinganisha koala na mdudu gamba mweupe wa mindimu, Icerya purchasi. Asili ya wote wawili ni Australia, na wote maisha yao ni mtini. Nianzie wapi? Halafu, mdudu huyu maji ya sabuni yanamuua kweli?

Mwembe_Dodo: Waalaikum salaam, mwalimu. Anza na chakula. Koala hutafuna majani ya mkaratusi, yenye nyuzinyuzi na sumu nyingi, lishe haba. Ini huivunja sumu, na majani huchachuka ndani ya kifuko cha utumbo chenye urefu wa mita 2 hivi. Nguvu anayoambulia ni ndogo, ndiyo maana hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Mdudu hatafuni kitu. Hudunga mdomo kwenye mishipa ya mti akanyonya utomvu, ambao una sukari tele lakini virutubisho vya kujengea mwili ni haba. Basi hunywa kupita kiasi, sukari iliyozidi akaitoa nyuma. Hiyo ndiyo inayoita sisimizi na ukungu mweusi wa majani.

Kitalu_Malindi: Usiache mfuko! Mtoto wa koala huzaliwa baada ya siku 35 hivi, hata gramu 1 hafiki, akajikokota mwenyewe hadi mfukoni. Kabla ya kuanza majani hula kinyesi laini cha mamake, chenye vijidudu vya kumeng'enyea mkaratusi. Icerya naye ana mfuko, wa nta yenye mifereji, umejaa mamia ya mayai. Tena hujirutubisha mwenyewe. Akifika mmoja tu, shamba limeingiliwa.

Sabuni inaua wachanga. Mayai ndani ya nta hayaguswi, kwa hiyo anayepuliza mara moja anajisumbua bure: rudia kila baada ya siku 7 hadi 10. Lita 1 ya maji, mililita 10 za sabuni ya maji, 10 za mafuta ya kupikia. Jaribu tawi moja kwanza, usiku upite. Puliza jioni, chini ya majani.

Mwembe_Dodo: Maji ya kisima chenye chumvi yataigandisha sabuni, chota ya mvua, ya jabia. Na sisimizi wazuie kwanza, maana humlinda mdudu: zungushia shina kitambaa, grisi ipake juu yake, si kwenye gome.

Kitalu_Malindi: Ukiona mbawakawa mdogo mwekundu mwenye mabaka meusi, huenda ni Rodolia cardinalis, aliyetolewa Australia mwaka 1888 akaokoa michungwa ya California kwa kumla mdudu gamba huyu. Hapo weka bomba chini.