Tupeane uzoefu: siku ya kwanza ya safari ndefu ya baiskeli ukiwa peke yako

Mpanda Kimara
Ndugu zangu, jana nikiwa kwenye basi pale Mlandizi niliona kijana peke yake akielekea Chalinze, karia ya baiskeli yake imebeba madumu mawili ya maji na mkeka uliokunjwa, nami nikaikumbuka siku yangu ya kwanza mwaka 2016 nilipotoka Kimara kwenda Mbeya. Watu huniuliza habari za wanyama wa Mikumi na mlima Kitonga, lakini ukweli ni kwamba safari ilikaribia kunishinda kabla sijavuka mto Ruvu. Niliondoka saa mbili asubuhi, jua likiwa limeshapanda, nikakimbizana na bodaboda hadi Kibaha, na nilipofika Mlandizi mapaja yalikuwa yakitetemeka kiasi cha kushindwa kusimama. Mzigo wote nilikuwa nimeufunga nyuma, hivyo kila kilima gurudumu la mbele liliyumba. Chalinze, ambako ni takribani kilomita 100 tu kutoka mjini, nilifika kesho yake. Naomba mliosafiri peke yenu msimulie siku ya kwanza, si safari nzima.

Fundi Spoki
Naunga mkono hoja ya mzigo. Ukiulundika wote nyuma, spoki za upande wa mnyororo ndizo zinazokatika kwanza.

Kusi na Kaskazi
Mimi nilitoka Mombasa kwenda Malindi mwezi Januari, kilomita kama 120 ambazo nilidhani ningezimaliza kwa siku moja, bila kukumbuka kwamba msimu huo ni wa kaskazi. Kuanzia Mtwapa upepo ulinikabili usoni, na kwenye mashamba ya katani ya Vipingo, ambako hakuna mti wa kuukinga, nilikanyaga pedali hata kwenye mteremko. Nililala Kilifi. Mabaharia wetu walisubiri kusi ndipo wapande kaskazini, nasi tungefaa kuwaiga.

Binti Bagamoyo
Sikukusudia kuandika, ila mliposema siku ya kwanza moyo wangu umerudi Wami. Mwezi Aprili mwaka 2018 nilitoka Bagamoyo kwenda Tanga peke yangu. Kilomita 64 hadi Msata zilikwenda vizuri mno, watoto wakinishangilia kando ya barabara, na furaha hiyo ikanidanganya nisonge mbele badala ya kulala Msata kama nilivyopanga. Mvua ilinikuta kwenye mteremko wa kuelekea daraja la zamani la Wami, lile jembamba ambalo magari yalilazimika kusubiriana. Baiskeli yangu ilikuwa na rimu za chuma, na rimu ya chuma ikilowa, raba za breki huteleza kana kwamba zimepakwa mafuta. Nilibana breki kwa vidole vyote, mwendo haukupungua. Chini nililiona lori limeshaingia darajani likija upande wangu, na nyuma nikasikia honi ya basi. Sikuwa na nafasi ya kupita wala ya kusimama, nikageuza usukani nikaingia majanini.

Nilipozinduka, gurudumu la mbele lilikuwa limepinda, goti limechanika, basi limeshapita, na mvua bado inanyesha. Maumivu niliyavumilia. Kilichonivunja ni kutambua kwamba hapakuwa na mtu yeyote aliyejua niko Wami, kwa kuwa nyumbani niliaga kwamba nitalala Msata. Nililia pale pale hadi mzee mmoja aliyekuwa akitoka shambani aliponiona, akaniambia, “Pole mwanangu, inuka, giza linaingia.” Alinipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikaandikwa kwenye daftari la wageni, na mke wa mwenyekiti akanikanda goti kwa maji ya chumvi.

Mpanda Kimara
Pole sana, dada. Nimesoma mara mbili.

Dereva Mstaafu
Pole, binti yangu. Mteremko ule naufahamu, nimeushuka na lori miaka mingi. Kwa niliyoyaona, nawasihi waendesha baiskeli wapite kulia, wakitazamana na magari, ili wayaone yakija.

Fundi Spoki
Shikamoo mzee, lakini hilo siwezi kuliacha lipite. Ukitazamana na lori, mwendo wako na wake vinajumlishwa; ukiwa kushoto vinatoana, na dereva anapata muda wa kukukwepa. Anayepaswa kutazamana na magari ni mtembea kwa miguu. Funga kioo kidogo kwenye usukani.

Dereva Mstaafu
Marahaba. Kioo hakitamsaidia mtu ambaye nyuma yake kuna malori mawili yanayopitana kwa pupa.

Kusi na Kaskazi
Basi ashuke, asukume baiskeli hadi yapite. Mimi hufanya hivyo na sioni aibu.

Muuguzi wa Zamu
Turudi kwenye mapaja ya Mpanda Kimara. Ukitoka jasho kutwa nzima na kunywa maji matupu, chumvi ya mwili inapungua. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, unywe kidogo kidogo kuanzia asubuhi kabla hujahisi kiu.

Fundi Spoki
Mimi uji wa ulezi wa alfajiri na ndizi mbivu njiani vimenifikisha Dodoma.

Mpanda Kimara
Mimi nilikunywa maji matupu, tena mengi. Binti Bagamoyo, uliendelea au ulirudi?

Binti Bagamoyo
Niliendelea. Asubuhi fundi wa pale kijijini aliinyoosha rimu kwa kuikanyaga taratibu, kisha akakaza spoki moja baada ya nyingine kwa zaidi ya saa nzima. Kabla ya kupanda baiskeli nilimpigia mama, nikamweleza yote na kumtajia mahali nitakapolala usiku huo, naye akaniambia nimpigie tena nikifika, hata kama ni usiku wa manane. Nilimpigia kila siku. Tanga niliingia siku ya tano.