Tupeane uzoefu: Nani aliingia kazi za TEHAMA kwa uanagenzi, bila digrii?

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za jioni. Naomba tusikilizane wale tulioingia kazi za kompyuta kwa uanagenzi: una mkataba, una mtu maalumu wa kukufundisha, unajifunza ukiwa kazini na unalipwa hata kama ni kidogo. Siongelei zile wiki chache za mwanachuo kwenda kusainiwa daftari la mafunzo kwa vitendo. Naongelea sisi ambao bila njia hii ofisi zile tungeishia kuziona kwa nje.

Naanza mimi. Nina kidato cha nne, na matokeo hayakuwa mazuri. Nilikaa miaka mitatu Kariakoo, mtaa wa Aggrey, fundi simu. Mteja mmoja akanidokeza kwamba ofisi yao ya Kijitonyama inachukua wanagenzi watatu wa kupima programu na haiangalii cheti. Siku ya usaili nilipewa simu yenye programu yao na karatasi: andika kila kinachogoma, na ulifanya nini mpaka kikagoma. Jamani, hiyo ndiyo kazi ya mezani Kariakoo! Fundi simu habahatishi. Unapima betri, unahamia soketi ya chaji, ndipo unagusa bodi. Niliandika makosa kumi na moja.

Kilichotaka kunitoa ni nauli. Nakaa Chanika. Magari mawili kwenda, mawili kurudi, bado sijala mchana. Kariakoo nilizoea kushika hela kila jioni, huku posho mpaka mwisho wa mwezi. Wiki ya tatu nilikaa nyumbani siku mbili, nikasingizia homa. Dada aliyekuwa ananifundisha alipiga simu, nikamwambia ukweli. Kuanzia hapo tukawa tunalipwa kila Ijumaa. Wenzangu wawili wa Sinza na Mwenge hilo tatizo hata hawakulijua. Ndiyo maana nashikilia: ofisi ikisema inataka vijana wa kila aina halafu haitoi nauli, itabaki na wale wale wanaokaa karibu au wenye wazazi wa kuwabeba.

Sasa ni mwaka wa nne, na mimi nina mwanagenzi wangu. Karibuni.

Dada wa Temeke
Nilisoma umeme VETA Chang'ombe, kisha kampuni moja ya kufunga mitandao ya kompyuta ikanichukua. Tulikuwa sita, mwanamke peke yangu. Miezi miwili wenzangu wanapanda ngazi kuvuta nyaya juu ya dari, mimi nimeshika orodha ya vifaa na kutumwa chai. Hakuna aliyenitukana, mnielewe. Kila mmoja aliona ananihurumia. Nikamfuata msimamizi na mkataba wangu mkononi. Umeandikwa kufikia mwezi wa sita niwe najua kupanga nyaya nane kwa rangi zake, kubana kichwa cha plastiki mwisho wa waya, kupima laini na kupanga raki, yaani kabati la vifaa vya mtandao. Nikamwambia, "Kaka, hapa sijagusa hata kimoja." Kesho yake nilikuwa darini. Bila ile karatasi sijui ningeanzia wapi kusema.

Mdau wa Buguruni
Mimi ni kiziwi. Nilijifunza kutengeneza tovuti nikiwa mwanagenzi. Kikwazo changu kilikuwa kikao cha asubuhi: watu wamesimama, wanaongea kwa kupokezana, mkalimani wa Lugha ya Alama alikuja wiki ya kwanza tu. Mwalimu wangu akakihamishia kwenye maandishi. Kila mtu anaandika jana kafanya nini, leo anafanya nini, amekwama wapi. Baada ya mwezi hata wanaosikia walikataa kurudi kule.
Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Mara nyingi naambiwa "hatuwapati wenye ujuzi". Basi wafundisheni, kama nilivyofundishwa mimi.

Mama wa Mbezi
Nina ofisi ndogo ya programu, watu tisa. Niseme upande wa mwajiri: mwanagenzi anakula saa za fundi wako mzuri. Mwanzo nilichukua wanne kwa mpigo, nikampa kijana mmoja awafundishe huku kazi za wateja zinamsubiri. Wawili waliondoka, na kosa lilikuwa langu. Siku hizi nachukua mmoja mmoja, na anayemfundisha nampunguzia kazi siku mbili kwa wiki.

Kaka Mkubwa
Shikamoo mama. Mdogo wangu wa kike ameitwa ofisi moja Posta. Miezi sita bila malipo, na laptopu aje na yake. Aende?

Mama wa Mbezi
Marahaba mwanangu. Asiende kabla hajauliza: nani atamfundisha, kwa jina? Nauli inatoka lini? Majibu yawe kwenye maandishi. Hata Mwongozo wa Taifa wa Uanagenzi wa 2017 unazungumzia mkataba. Na laptopu asikope. Ofisi isiyo na kompyuta ya kumpa mwanafunzi haijajiandaa kufundisha.

Kaka Mkubwa
Mrejesho: ameuliza. Nauli wamekubali, kila wiki, na kompyuta ipo ya pale ofisini. Jina la wa kumfundisha hawajampa. Amewaambia anasubiri.