Masetla wa kwanza waliteseka kweli, lakini mateso ndiyo hati ya shamba?

Wadau, huu mjadala naufungua upya manake kule ulikoanzia umeshageuka matusi. Kuna jamaa aliandika (nafupisha) kwamba wazungu wa kwanza kuja kulima Bonde la Ufa walikuta pori tupu, wakaugua malaria, simba wakawalia mifugo, wakafilisika na bado hawakukata tamaa, kwa hivyo wajukuu wao wakiwa na maelfu ya ekari Naivasha na Laikipia mpaka leo hilo ni jasho la babu zao, na sisi tunaolalamika tungeachiwa hiyo ardhi saa hii ingekuwa nyasi tu. Alipata laiki nyingi sana, na wengi waliompa ni Wakenya weusi kama mimi.

Sasa mimi sitabisha kwamba waliteseka. Waliteseka vibaya. Ninachobisha ni hii hesabu ya kwamba ukiteseka kwenye shamba basi shamba ni lako, manake tukiifuata hiyo hesabu mpaka mwisho haimfikishi setla mahali jamaa anadhani inamfikisha.

Tuanze na Lord Delamere, lodi wa Kiingereza aliyekuja kulima huku, kwa sababu ndiye kila mtu humtaja. Huyu bwana alirudi huku 1903, akapewa ekari 100,000 Njoro, mkataba wa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe, ni kama nusu peni kwa ekari. Anafika anakuta nyasi ndefu, hali ya hewa ya baridi kama kwao, maji si mbali, na hakuna anayelisha hapo. Mtu yeyote aliyekulia kwenye mifugo akiona nyasi nzuri namna hiyo imeachwa na Wamaasai, watu ambao hawaachi nyasi hivi hivi, swali la kwanza si lingekuwa mbona? Yeye akaleta kondoo wa merino kutoka New Zealand na madume ya ng'ombe kutoka Uingereza. Wakaanza kukonda wakiwa wamesimama katikati ya malisho. Manyoya yanakakamaa, hamu ya kula inaisha, mnyama anabaki mifupa na nyasi ziko mpaka magotini. Wengi wakafa hivo.

Miaka mingi baadaye ndipo wataalamu wa mifugo waligundua kwamba udongo wa sehemu hizo, ule wa majivu ya volkano, hauna kobalti ya kutosha, na huo ugonjwa wakaupa jina kabisa, Nakuruitis. Dawa yake ni chumvi ya kulamba iliyotiwa kobalti. Wamaasai hawakuwa na maabara na wala hawakujua kobalti ni nini, lakini walijua ng'ombe hakai pale. Kwa hivyo ukiniambia "pori tupu" nakuuliza, tupu kwa sababu hakuna mwenyewe au tupu kwa sababu mwenyewe anaijua kuliko wewe?

Akahamisha mifugo Soysambu kule Elementaita mwaka 1906, kupe wakamsubiri huko na homa zao. Akageukia ngano, ekari 1,200, kutu (ule ugonjwa wa ukungu wa ngano) ikaimaliza mwaka 1909. Pesa zote hizo alikuwa anakopa akiweka rehani mali ya ukoo wake kule Cheshire. Hapo nampa haki yake, manake badala ya kuacha alianza kujaribu mbegu hapo hapo shambani, na Njoro mpaka leo ndiko kwenye kituo cha utafiti wa ngano, hata mbegu za nchi za mbali zinaletwa pale kupimwa kama zitastahimili ile aina kali ya kutu inayoitwa Ug99. Hiyo ni kazi ya maana na sina shida kuisema.

Lakini ona vile hadithi husimuliwa, setla peke yake na pori. Hakukuwa na peke yake pale. Hiyo reli ya kutoka Mombasa iliyomfikisha Njoro na iliyobeba ngano yake ilijengwa 1896 mpaka 1901, zaidi ya pauni milioni 5, na Wahindi karibu 2,500 walikufa wakiijenga. Kamishna Charles Eliot, mkuu wa utawala wa Mwingereza huku, ndiye alikuwa anawaita wazungu waje walime ndio reli ipate mizigo, ijilipe. Sasa tumia ile hesabu ya jamaa. Kama kuteseka ni hati ya shamba, hao Wahindi na watoto wao wangekuwa wa kwanza kupewa nyanda za juu. Kumbe walikatazwa! Mwaka 1908 serikali ya Uingereza ilikubali kabisa kwamba zile nyanda ziachiwe wazungu, na 1923 ikarudia. Kifo cha Mhindi kwenye daraja la Tsavo hakikununua hata kiploti Limuru.

Twende vita ya kwanza ya dunia. Wapagazi wa Carrier Corps, wale ambao mtaa wa Kariokor kule Nairobi umebaki na jina lao, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuharisha na njaa na malaria wala sio risasi, wakibeba mizigo ya jeshi mpaka ndani kabisa ya Tanganyika. Vita ikaisha. Mwaka 1919 ikaanzishwa skimu ya kuwapa ardhi wanajeshi waliopigania Mwingereza, na waliopewa ni wazungu. Ili ardhi itoshe ikamegwa hadi ile ya Wanandi, ambao walikuwa wamesukumwa kwenye rizavu (maeneo waliyotengewa Waafrika) baada ya kiongozi wao Koitalel arap Samoei kuuawa 1905. Mpagazi aliyerudi hai alipata nini? Kipande, yaani kitambulisho cha kuvaa shingoni, na kodi. Naomba mtu anionyeshe mahali kwenye hesabu ya mateso ambapo huyu amezidiwa na ofisa aliyekuja na kreti za wiski.

Na hii ya kodi msiipite haraka. Setla alikuwa na ardhi lakini hana wa kuilima, manake nani aache shamba lake Murang'a aende kulima la mtu? Kwa hivyo kodi ya kibanda, baadaye kodi ya kichwa, ilipwe kwa pesa, na pesa utapata wapi kama sio kwa mzungu. Gavana Belfield mwaka 1913 alisema waziwazi bila aibu kwamba kodi ndiyo njia ya kumtoa Mwafrika kwenye rizavu aende kutafuta kazi. Mvua ikimkosa setla alibembelezewa benki na serikali, nauli ya reli ya mahindi yake ya kuuza nje ikashushwa, ngano yake ikalindwa kwa ushuru. Mvua ikimkosa babu yako, kodi ilikuja vile vile.

Sasa wale wa Eldoret najua mtaniletea Makaburu wa 1908. Sawa, hao hawakuwa malodi. Zaidi ya watu 200 na kiongozi wao van Rensburg walishuka Mombasa, wakapanda treni mpaka Nakuru, halafu kutoka hapo ni mikokoteni ya ng'ombe kupanda misitu ya Timboroa wakati wa mvua, wanakata miti na kutandika magogo juu ya matope ili magurudumu yapite, watoto na wake zao wakiwa juu ya mizigo, wiki nenda wiki rudi. Ukiisoma unawahurumia, mimi niliwahurumia. Mji ukaanzia kwenye shamba namba 64 ndio maana wazee bado wanauita Sisibo, yaani "sixty-four" kwa matamshi yao. (Miaka michache kabla yao, mwaka 1903, Uingereza ilikuwa imetaka kuwapa Wayahudi wa vuguvugu la Kizayuni hiyo hiyo Uasin Gishu, eneo la Eldoret, wakatuma watu watatu kuangalia, wakakataa. Yaani ilikuwa inazungushwa kama sahani ya mandazi na wenyewe wapo.)

Lakini "tupu" ya Uasin Gishu ni tupu gani? Nenda Moiben, nenda Sergoit, uone yale mashimo ya Wasirikwa, boma za kuchimbwa zenye kuta za mawe, watu waliishi na ng'ombe wao hapo karne nyingi kabla ya mkokoteni wa kwanza. Halafu jina lenyewe ni la Wamaasai wa Uasin Gishu waliovunjwa na vita vya karne ya 19, halafu Wanandi wakawa wanalisha, halafu Wanandi wakapigwa na serikali 1905 na 1906. Miaka miwili baadaye mtu anafika na kusema hajaona mtu. Kiambu ni vivyo hivyo. Miaka ya 1890 ilikuja sotoka ikamaliza ng'ombe, ikaja ndui, ikaja njaa kubwa ya 1898 na 1899, watu wengi wakafa na wengine wakarudi kwa jamaa zao Murang'a na Nyeri wakingoja mambo yatulie. Waliporudi shambani walikuta mzungu ana karatasi.

Nimeona tayari watu wameanza kujibu, ngoja nijibu kidogo.

Mmoja anauliza "lakini Wamaasai si walitia sahihi wenyewe?" Walitia, 1904, na mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Walikubali kutoka Bonde la Ufa wakapewa Laikipia na kusini. Miaka saba tu, 1911, wakaambiwa Laikipia nayo watoke, masetla wanaitaka. Kiongozi wao Ole Gilisho na wenzake walienda kortini, sio na mikuki, na mawakili! Kesi ikatupwa 1913 kwa hoja kwamba mkataba ule ni kama wa nchi na nchi kwa hivyo korti haina mamlaka nao. Yaani siku ya kunyang'anywa wewe ni raia wa himaya, siku ya kushtaki wewe ni nchi ya kigeni. Agosti 2004 vijana na wazee waliandamana Laikipia wakisema miaka mia tangu mkataba wa 1904 imeisha, polisi wakawatawanya na mzee mmoja akapigwa risasi akafa. Kwa hivyo ukisema haya ni mambo ya zamani, zamani gani?

Mwingine anasema "walinunua na kuuza kihalali, muache wivu". Hapo sasa ndipo hoja ya jasho inapovunjika kabisa. Uhuru ulipokaribia, kwenye ile skimu ya ekari milioni moja, ya kununua mashamba ya wazungu na kuwagawia Wakenya, setla aliyetaka kuondoka alilipwa bei ya soko. Wakenya wadogo waliopewa ploti walilipia kwa mkopo, miaka na miaka. Babu alipata kwa nusu peni ya kodi, mwanawe akauza bei ya soko, na aliyeinunua ni mjukuu wa yule aliyefukuzwa. Hilo jasho lilishalipwa, tena na sisi.

Na huyu anayesema "kwani leo sio wanasiasa wetu ndio wana ardhi kubwa kuliko hata wazungu?" Kweli kabisa, na sijasema wasiguswe. Wao hawana hata hadithi ya simba ya kutusimulia.

Swali langu kwa hivyo sio wazungu wafukuzwe, mtu akinisoma hivyo hajanisoma. Katiba ya 2010 ilishaondoa ile mikataba ya miaka 999, asiye raia sasa ni 99 tu. Ninachotaka tubishanie ni ikifika siku ya kuongeza muda, na kuna mikataba ambayo siku hiyo imefika au inakaribia, kaunti na jamii zilizohamishwa ziketi mezani au iende kimya kimya ofisini Nairobi kama kawaida? Mimi nasema ziketi, na orodha ya mikataba iwekwe wazi kila mtu asome ekari ngapi, tangu lini, kwa kodi gani. Anayepinga aje na sababu nyingine isiyo ya jasho la babu. Hata "wanaajiri watu wengi" ni hoja, niletee na mishahara yao tuiangalie.

Na wa Njoro, Molo, Mau Narok, kama wazee wenu waliwahi kuwaambia ni wapi ng'ombe hakupelekwa na kwa nini, andikeni hapa chini.