Ushauri: nahesabuje maadui wanaouawa kwenye gemu ili nimchagulie dogo?

#1
Wakuu, heshima kwenu. Nina mdogo wangu wa miaka 13, anapenda gemu kupita maelezo. Bimkubwa kaniachia kazi ya kumchagulia, na sharti lake ni moja tu: zisiwe za kuua ovyo. Nimeanza kuorodhesha maadui wanaokufa mpaka hadithi inaisha, ila hesabu zinanigomea. Dynasty Warriors unafikisha 1,000 kwenye pambano moja, Shadow of the Colossus gemu nzima ni 16. Je, nifuate tu yenye idadi ndogo? Naombeni mwongozo.

#2
Mkuu, kwanza jua kinachohesabiwa. Dynasty Warriors inahesabu K.O., yaani walioangushwa: askari akipigwa anaanguka na kutoweka. Doom ya 1993 ukimaliza hatua inakupa asilimia ya uliowaua. Huwezi kuziweka kwenye mzani mmoja. Halafu kuna Dead Rising ya 2006, yenye tuzo ya kuua mazombi 53,594, sawa na wakazi wote wa mji wa Willamette kwenye hadithi yake. Tuzo hiyo si lazima ili umalize gemu, kwa hiyo idadi kubwa inatokana na mchezaji mwenyewe.

#3
Hilo la idadi ndogo silikubali kabisa. Shadow of the Colossus ina majitu 16 na hakuna adui mwingine njiani. Unapanda farasi, unayafuata yaliko, na mengine hayakugusi mpaka uyachokoze. Unang'ang'ania manyoya, unachoma upanga, jitu linaanguka na muziki unageuka kuwa wa huzuni. Kila moja linakukaa moyoni. Wale 1,000 wa Dynasty Warriors wanalala kama nyasi mbele ya fyekeo, na hakuna hata mmoja utakayemkumbuka kesho. Mimi dogo ningemruhusu haya majitu, ila ningekaa naye tukayazungumza.

#4
Ongeza swali moja kwenye orodha yako: mchezaji ana hiari ya kutoua? Undertale ya 2015 unaimaliza bila kuua hata mmoja. Unaongea na adui, unamtuliza, kisha unamwachia aende zake. Ukiamua kuwafyeka wote, gemu inakuonyesha wamebaki wangapi, na miji inabaki mitupu kwa sababu watu wamekukimbia. Hapo dogo anajifunza uzito wa kila mmoja. Dishonored ya 2012 nayo inakupa hiari hiyo, na ukiua wengi panya wanazidi mjini na mwisho wa hadithi unakuwa mchungu. Ila hiyo ni ya watu wazima, usimpe.

#1
Nashukuru sana wakuu, safu ya hiari naiongeza leo leo. Undertale itakubali kwenye laptop ya zamani?

#4
Itakubali, ni nyepesi sana, michoro yake ni ya kizamani. Ila ina maongezi mengi ya Kiingereza, kwa hiyo mwanzoni kaa naye umsomee, maana asipoelewa anachoambiwa ataishia kupiga tu.